Majina Tuliyoyapeleka Hadado

Tangu niliporudi, kila ninayekutana naye sokoni Mwingi au katika chumba cha walimu ananiuliza kulikuwaje huko, nami kila mara najibu nusu kwa sababu kengele imelia au mboga zinapimwa. Nimeona heri niandike yote mara moja, kwa utaratibu wa njia yenyewe, ili atakayetaka asome akiwa amekaa.

Wengi wenu mnamjua mdogo wangu Mutua, fundi wa mashine za visima, aliyekwenda kaskazini kwa kazi ya muda mfupi na hakurudi ila kwa likizo. Amesilimu, anaitwa Musa, na sasa alikuwa amepata mchumba huko Hadado, katika Kaunti ya Wajir. Alipiga simu kuomba mtu wa nyumbani aende kikao cha posa. Baba yetu ni marehemu, ami zetu walitoa udhuru mmoja baada ya mwingine, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba hiyo. Nikaenda mimi.

Mama hakupinga dini wala mchumba. Jioni, akichambua kunde, akaniambia neno moja tu: "Mwikali, mimi nataka kujua watoto wake wataitwa wa nani." Hilo ndilo nililotumwa. Mengine yote ninayoyaeleza hapa yalitokea njiani.

Mwingi hadi Garissa

Zawadi yetu ilikuwa asali. Mama aliichuja mwenyewe na kuijaza katika dumu la manjano, akalifunga mdomo kwa nailoni na kamba ya katani. Kabla ya daraja la Tana basi lilisimamishwa na abiria wote wakaamriwa kushuka na vitambulisho mkononi. Niliona jambo ambalo nadhani sisi wa bara hatulioni kwa kuwa halituhusu: kitambulisho changu hakikutazamwa kabisa, ila cha mzee wa Kisomali aliyenitangulia kiligeuzwa mbele na nyuma, kikapelekwa kwa mkubwa, kikarudishwa, kikaulizwa maswali kana kwamba chenyewe ndicho kingejibu. Mzee alisubiri bila kununa. Alikuwa amezoea.

Mimi nilikamatiwa dumu.

"Hii ni nini, mama?"

"Asali."

"Asali au kaluvu?" Afisa alikuwa Mkamba mwenzangu, ndiyo maana alijua jina la pombe yetu ya asali.

"Asali tupu. Naipeleka posani."

"Posa ya nani? Wewe?"

Watu walicheka. Nilipomwambia ni ya ndugu yangu, na kwamba mchumba ni Msomali wa Hadado, alilifungua dumu, akachovya kidole, akalamba, akatikisa kichwa. "Asali ni nzuri," akasema kwa Kikamba. "Lakini huyo ndugu yenu mmeshampoteza." Aliifunga kamba vibaya, na kuanzia hapo hadi mwisho wa safari kila nguo yangu ilinata.

Garissa, dukani kwa Mama Fatuma

Mutua alikuwa amepanga nipokewe na shangazi wa bi harusi, Mama Fatuma, mwenye duka la vitambaa katika soko la Garissa, ambaye naye alikuwa akienda Hadado kwa shughuli hiyo hiyo. Nilimkuta amekaa juu ya marobota ya madera, mwanamke mpana mwenye hina mpya mikononi, akizungumza na wateja wawili na simu moja kwa wakati mmoja. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ndiyo wewe mwalimu? Karibu, abaayo, karibu. Musa alisema mkubwa wa nyumbani anakuja. Sisi tulingoja mwanaume na ndefu mbaka hapa." Akajipiga kifuani kuonyesha urefu wa ndevu hizo.

Abaayo ni dada. Mara nyingi herufi ya p ilitoka kinywani mwake kama b, na v kama f, na ngeli za Kiswahili alizipita kama mtu anayepita mifugo ya jirani barabarani, bila kuhesabu wala kugombana. Nami ni mwalimu wa Kiswahili. Hata hivyo, katika siku zile zote sikupata kumsikia akikosa neno. Alikuwa na Kiswahili cha kuuzia, cha kugombeza, cha kufariji na cha kutania, na wanafunzi wangu wengi hawana hata viwili kati ya hivyo.

Alinipa dera la rangi ya zabibu na mtandio. Nilisita kuhusu mtandio. Sikutaka kujifanya nisiyekuwa, wala sikutaka kuingia ugenini kichwa wazi kama anayetafuta shari. Aliyaona yote hayo usoni mwangu.

"Mimi sikwambii fanya," akasema. "Lakini jua ya huko hawezi uliza dini yako."

Nilijifunga.

Mchana aliagiza wali na nyama ya mbuzi, na kando ya kila sahani ndizi mbivu moja. Nikaiweka ndizi yangu pembeni ili niile baada ya chakula, kama inavyoliwa kwetu. Mama Fatuma aliitazama ile ndizi, akanitazama, akala kidogo, akaitazama tena. Mwishowe alishindwa.

"Abaayo, hii ndizi amekukosea nini?"

Kumbe ndizi hulumangwa na wali, tonge na tonge. Nilijaribu. Utamu na chumvi vilinichanganya mara ya kwanza, mara ya tatu nikaelewa, na tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikila hivyo jikoni pasipo mtu kuniona.

Garissa hadi Wajir

Basi liliondoka alfajiri. Lami ilituaga, kisha ikawa ni vumbi jekundu, vichaka vya miiba na twiga waliotutazama bila haraka. Abiria jirani, baada ya kunisikia nikisema Kiswahili, aliniuliza kwa adabu: "Umetoka Kenya? Kenya inasemaje?" Nilidhani ananitania. Mama Fatuma akanieleza kwamba wazee husema hivyo bado: ukivuka daraja kwenda kusini umekwenda Kenya.

"Na hapa ni wapi?" nikauliza.

"Hapa ni nyumbani."

Alinifundisha salamu njia nzima. Nilifurahishwa kuona kwamba salamu ya Kisomali ni swali kuhusu amani, na jibu lake ni amani, kisha linafuata swali jingine kuhusu amani ya watu, ya mifugo, ya mvua, hadi wote wawili waridhike kwamba hakuna mahali penye vita. Nilikosea matamshi ya ile sauti inayotoka kooni, na kina mama wa kiti cha nyuma wakawa wananikosoa kwa pamoja, kama darasa lililogeuka likawa la walimu wote na mwanafunzi mmoja.

Kabla ya Habaswein gurudumu lilipasuka. Tulikaa kwenye kivuli cha basi lenyewe. Mwanamke mmoja akafungua kibuyu cha maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi uliotumiwa kukisafishia, akanipa wa kwanza. Ni hapo, tukisubiri, ambapo Mama Fatuma alinieleza jambo alilodhani ninalijua.

"Usiogobe kikao," alisema. "Mambo yote iko tayari. Mzee Gurey atasimama baba."

"Baba wa nani?"

"Wa Musa! Mzee wa kisima. Amemkubali. Atasema kwa wazee, huyu ni mtoto yangu, jina yake ni ya kwangu. Musa bin Hassan Gurey. Watoto yake watahesabu majina ya huko."

Nilishusha kibuyu. Nikamwuliza, kwa upole niliojilazimisha, kama mtu mwenye baba anaweza kupewa mwingine.

"Abaayo, sikia. Sio kumuiba. Huku mtu bila watu ni kama mtu hana nguo. Leo gari ya Musa ikigonga mtoto ya mtu, haki ya damu nani atalipa? Wewe utatoka Mwingi na ngamia? Na yeye akiumizwa, nani atasimama kudai? Mzee Gurey anamba watu yake wote. Hii ni kitu kubwa sana. Watu wengi wangetaka."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonisumbua. Kama ingekuwa hila ningejua la kufanya. Huu ulikuwa ukarimu, tena ule wa zamani, wa kumtandikia mgeni mkeka kisha kumwambia mkeka ni wake. Lakini ukarimu huo ulimaanisha kwamba siku moja mtoto wa Mutua ataulizwa ni wa nani, naye atahesabu baba zake kumi na wawili kwa ufasaha, na baba yetu hatakuwamo.

Wajir, kwa seremala

Tulilala Wajir kwa seremala mmoja kutoka Bungoma, rafiki wa Mutua, ambaye hukodisha vyumba viwili nyuma ya karakana yake. Mji mzima humwita Wafula Sariir, yaani Wafula wa Vitanda, maana vitanda ndivyo alivyoanza navyo. Chai yake ilikuwa na chumvi. Maji ya Wajir yana chumvi, na sukari haiwezi kuificha, hupigana nayo tu.

Nilimweleza shida yangu kwa kuwa alikuwa mtu wa bara na nilidhani ataiona kwa macho yangu. Alipiga randa muda mrefu kabla ya kujibu.

"Watoto wangu wamezaliwa hapa," akasema. "Jumapili tunakwenda nao kanisani. Mimi nawasemesha Kibukusu, wananijibu Kiswahili. Wakigombana wao kwa wao ni Kisomali. Juzi binti yangu aliota ndoto mbaya akapiga kelele usingizini. Unajua aliita nini? 'Hooyo!' Mama, kwa Kisomali. Mke wangu akaamka akasema, huyo anaita mama wa nani?"

"Ukahisije?"

"Mke wangu ndiye aliyeitika. Mtoto akalala." Akapuliza vumbi la mbao. "Lakini mimi sikumpa mtu jina langu, mwalimu. Hilo lako ni kubwa kuliko langu."

Wajir hadi Hadado

Gari lilikuwa Land Cruiser la mizigo lililojaa magunia ya sukari na mchele, nasi wanawake tukawekwa mbele kwa heshima, wanaume juu. Lilipaswa kuondoka asubuhi. Dereva alikuwa bado anasubiri mtu aliyekuwa anasubiri mtu mwingine. Nilipouliza tatizo ni nini, nikajibiwa hakuna tatizo. Baada ya sala ya adhuhuri tuliondoka ghafla, kwa kasi, kana kwamba sisi ndio tuliochelewesha.

Mutua alitupokea nje ya uzio wa kisima, mikono ina grisi, amekonda, ana ndevu kama zile walizozingojea kwangu. Nilimsalimu kwa Kikamba naye akajibu kwa Kikamba, lakini nilisikia kitu ambacho simu ilikuwa imenificha. Alikuwa akitafuta maneno. Alisimama kabla ya "kunde", kabla ya "binamu", kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba alichokijua. Akahamia Kiswahili, nacho kilikuwa na mwendo wa Mama Fatuma ndani yake.

Mashine ilikuwa inanguruma na ngamia walikuwa wanakunywa kwa zamu, kila kundi na mwenyewe. Mzee Gurey, mrefu, mwenye kofia ya kufumwa, ndiye aliyekuwa akizipanga zamu hizo kwa mkono wa kushoto. Jina Gurey lina maana ya anayetumia kushoto. Nilinyoosha mkono kumsalimu. Yeye akauweka wake kifuani, akainamisha kichwa, na mkono wangu ukabaki hewani nikautumia kurekebisha mtandio.

"Karibu, mwalimu," alisema. Aliwahi kuendesha lori hadi Thika miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kizuri. "Nimekulindia huyu kijana. Alikuja hapa anaogopa ngamia. Sasa ngamia wanamwogopa yeye."

Nilipobaki peke yangu na Mutua nilimwuliza kama ni kweli amekubali.

"Nimekubali," akasema. Akafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. "Dada, nilipougua malaria hapa, mzee huyu ndiye aliyenibeba. Hakunidai kitu. Wanawe wawili walikufa. Alipouliza kama anaweza kusema mimi ni wake, ningemjibu nini?"

"Na baba?"

"Baba amekufa. Sikudhani anaweza kuumia."

"Mama hajafa."

Aliiweka spana chini. Baadaye akasema, kwa Kikamba, polepole, na bila kusita hata neno moja: "Basi wewe sema. Ukisema, mimi sitakukana. Ukinyamaza, sitakulaumu."

Hadado, kikaoni

Wazee walikaa juu ya mikeka chini ya turubai la buluu. Sisi wanawake tulikuwa ndani ya nyumba, hatua chache tu, nyuma ya pazia. Hapo ndipo nilipomwona vizuri Hodan, bi harusi, msichana mwenye macho ya kuhoji aliyemaliza shule ya upili Wajir. Alinimiminia chai, akaonja asali yetu, akaficha kijiko nyuma ya mgongo mama yake alipogeuka.

Mama Fatuma alikuwa sikio langu. Alinitafsiria kwa mnong'ono yaliyokuwa yakisemwa nje. Dua. Habari za mvua. Habari za malisho. Kisha ami yake Hodan, Mzee Ibrahim, aliyekuwa mwenye neno upande wao, akauliza: kijana huyu ni wa nani?

"Sasa Gurey anasimama," Mama Fatuma akaninong'oneza. "Anasema: huyu ni wangu."

Nawaambia ukweli, sikujiandaa. Nilijikuta nimesimama, nimelishika pazia. Hodan alinitazama. Nikasema kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko nilivyotaka: "Samahanini wazee wangu. Huyo ana baba."

Wazee wote waligeukia mlango. Mama Fatuma akasema neno moja la Kisomali ambalo hakunitafsiria. Mzee Ibrahim hakukasirika. Alitazama chini, kwa kuwa si desturi yake kumtazama mwanamke mgeni usoni, akasema kitu, na Mama Fatuma akatoka akasimama kando yangu mlangoni ili awe ulimi wetu.

"Anasema, kama iko baba, haya, taja. Taja majina, moja moja, banda juu."

Hili nililiweza, au nilidhani naliweza. Nikaanza: Mutua wa Kilonzo. Kilonzo wa Mutua. Mutua wa Kilonzo. Kilonzo wa Mutua.

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mzee Ibrahim akauliza kitu, na wote wakaangua kicheko.

"Anasema," Mama Fatuma akatafsiri, naye akijizuia, "hii mama anatuzungusha kisima. Ni watu wawili tu?"

Kwenu ninyi wa Mwingi halihitaji kuelezwa: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, basi majina hupokezana, Mutua na Kilonzo, Kilonzo na Mutua, hadi kumbukumbu inapokwisha. Kwao kila baba ana jina lake na majina hupanda kama ngazi. Ngazi yangu ilikuwa na vidato viwili tu vinavyojirudia. Kila nilivyozidi kueleza nilizidi kuonekana mtu anayebuni. Nilimwona Mutua amekaa mwisho wa mkeka, kichwa chini. Mzee Gurey alinihurumia, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Biga simu," Mama Fatuma akaniambia sikioni. "Iko mama? Biga!"

Nikampigia mama. Mtandao ulikuwapo. Nikaweka spika, nikamwambia kwa Kikamba kwamba wazee wako mbele yangu na hawaamini majina.

"Hawaamini nini?" Sauti yake ilijaza turubai lote. Nyuma yake jogoo aliwika. "Wanadhani ni mtu mmoja?"

"Ndiyo, mama."

"Waambie hivi. Baba yako ni Kilonzo Mcheshi. Baba yake ni Mutua Mrefu. Baba yake ni Kilonzo wa Mizinga, yule aliyefuga nyuki. Baba yake ni Mutua aliyekula ndama."

"Alikula ndama wa nani?"

"Wa mkwewe! Wewe waambie tu."

Niligeuza Kikamba kuwa Kiswahili, Mama Fatuma akageuza Kiswahili kuwa Kisomali. Alipofika kwa Mrefu, akasema "Dheere", na wazee watatu wakamgeukia mwenzao mmoja mrefu aliyekaa ukingoni, wakampiga mabegani. Wote pale walikuwa na majina kama hayo: Kushoto, Mrefu, Mwenye Kovu. Alipofika kwa ndama wa mkwe, Mzee Ibrahim aliifuta miwani.

"Huyu wa ndama simba binti yangu!" akasema Kiswahili chake mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Mama Fatuma akanieleza kwamba simba ni simpi, yaani hatampa. Lakini alikuwa anacheka.

"Na baba ya mla ndama?" wakauliza.

Nikamwuliza mama. "Huyo hatuna jina lake," akasema. "Alikuja wakati wa njaa, kutoka upande wa Tana, peke yake. Alikataa kusema alikotoka. Tunamwita Mueni, mgeni, basi."

Ilipotafsiriwa, mzee mrefu akadakia: "Ubande wa Tana? Huyo mtu yetu! Alikuwa natafuta ngamia, akabotea!" Turubai likatikisika kwa kicheko.

Ni Mzee Gurey pekee ambaye hakucheka. Aliinua mkono wake wa kushoto, wakanyamaza. Akaielekea simu, si mimi, akauliza kwa Kiswahili cha lori: "Mama, salaam aleikum. Huyo mgeni, nani alimpokea?"

Nikamfikishia mama.

"Mzee mmoja wa hapa," mama akajibu. "Alimpa shamba, akampa binti yake. Alitaka kumfanya mwanawe kabisa, yule mgeni akasema hapana, mimi nina watu, ingawa siwataji. Mzee hakumlazimisha. Alipozaliwa mjukuu wa kwanza wa mgeni huyo, mtoto wa mla ndama, jina la babu likakosekana, kwa kuwa babu hakuwa amelisema. Basi wakampa mtoto jina la yule mzee."

"Aliitwaje?" Mzee Gurey akauliza.

"Kilonzo."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Nilikuwa nimeishi na jina la Kilonzo vyetini na vitambulishoni maisha yangu yote, na sikujua kwamba ni jina la mwenyeji.

Mzee Gurey alizungumza Kisomali, polepole. Mama Fatuma hakunong'ona safari hii. "Anasema, mimi nilitaka kumba jina ifunike jina ya baba yake. Lakini mtu aliyefanya kama mimi, yeye hakufunika. Alingoja. Anasema, haki ya damu ya Musa tutabeba sisi, kama jana. Majina yake iachwe."

Mzee Ibrahim akasema amekubali. Kisha akainua viganja, wakasoma Fatiha.

Baadaye, watu wakila, Mzee Gurey alipita karibu na mlango wetu na kusimama akiwa amenipa ubavu.

"Umenichukulia mtoto, mwalimu," akasema.

Akaenda kuzima mashine.

Kurudi Wajir

Nikaha ilisomwa baada ya siku chache, shughuli ndogo, na asali yetu ikaliwa na mikate ya anjera hadi dumu likasuuzwa kwa chai. Mutua na Hodan walinisindikiza hadi Wajir. Nilikaa dirishani mwa basi nao wamesimama chini, vumbi linawapita, tukisema yale maneno ambayo watu husema basi likichelewa kuondoka.

Nilimwambia Mutua awafundishe watoto majina yale, akija kuwapata.

"Musa?" Hodan akadakia. "Dada, Musa atakuwa kisimani. Huku mtoto anafundishwa majina na mama, akiwa bado ananyonya. Ni mimi nitafundisha. Ngoja."

Akainua vidole. "Kilonzo Mcheshi. Mutua Mrefu. Kilonzo wa Mizinga. Mutua Mla Ndama. Mgeni." Hakukosa hata moja. Kisha akamgeukia mumewe. "Haya, na wewe."

"Mimi? Hao ni baba zangu."

"Sema."

"Kilonzo Mcheshi," Mutua akaanza, akitabasamu kwangu. "Kilonzo wa Mizinga..."

"Umeruka Mrefu! Babu yako mwenyewe unamruka?"

Dereva akapiga honi, utingo akapiga ubavu wa basi, tukaondoka. Niligeuka kutazama nyuma kadiri kioo kilivyoniruhusu. Hodan alikuwa ameinua tena kidole cha kwanza mbele ya uso wa ndugu yangu, akimrudisha mwanzo.